Annapolis: Chuo Ambacho Kila Mwanafunzi Hushika Mizani

Msafiri atokaye Washington, mji mkuu wa Marekani, akishika barabara ya mashariki, huenda mwendo wa kilomita hamsini hivi na kufika katika mji wa Annapolis, makao ya serikali ya jimbo la Maryland. Mji wenyewe si mkubwa. Barabara za sehemu ya zamani ni nyembamba, nyumba ni za matofali mekundu, na nyingi kati yake zilikuwa zimekwisha kujengwa kabla Marekani haijajitenga na ufalme wa Uingereza. Mto Severn wapita kando ya mji na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Chesapeake, na bandarini mashua za matanga hufungwa ubavu kwa ubavu. Mtu wa Lamu au Mombasa akisimama hapo hatajiona mgeni kabisa, ila tu kama amefika wakati wa baridi ya Januari.

Wengi waendao Annapolis huenda kutazama mambo mawili. La kwanza ni nyumba ya baraza la jimbo, yenye kuba la mbao. Humo, tarehe 23 Desemba 1783, Jemadari George Washington alirudisha madaraka yake ya kijeshi mbele ya Kongresi, akaenda zake shambani kama raia. La pili ni Chuo cha Wanamaji, kilichoanzishwa mwaka 1845, ambacho huwafunza maofisa wa manowari. Mwafrika afikapo huko ana jambo la tatu la kutazama. Mnamo Septemba 1767 meli iitwayo Lord Ligonier ilifika hapo ikiwa na watumwa waliotolewa Gambia, na mwandishi Alex Haley, katika kitabu chake Roots cha mwaka 1976, alieleza kwamba babu yake wa kale, Kunta Kinte, alikuwa miongoni mwao. Leo gatini pana sanamu ya Haley ameketi na kitabu, akiwasomea watoto.

Lakini makala hii yahusu mahali pa nne, ambapo wapitaji wengi hupapita bila kugeuza shingo. Ng'ambo ya barabara kutoka Chuo cha Wanamaji pana chuo kingine kiitwacho St. John's. Ni chuo kidogo, chenye wanafunzi wasiofika mia sita. Kuna nyasi, miti mikubwa, majengo ya matofali, na kijito nyuma yake. Hakina jambo la kushangaza macho. La kushangaza ni desturi yake: wanafunzi wote husoma masomo yaleyale kwa miaka minne. Huko hapana mwanafunzi wa sayansi wala mwanafunzi wa fasihi. Yule atakayekuwa mganga, na yule atakayekuwa karani wa benki, na yule atakayekuwa mwalimu wa shule ndogo, wote huketi meza moja, husoma kitabu kimoja, na hushika mizani ileile katika maabara.

Desturi hiyo yatuuliza swali zito. Je, elimu ya vitu na viumbe ni mali ya wataalamu peke yao, na sisi wengine kazi yetu ni kuamini tu? Au kila mtu aliyesoma apaswa kuijaribu kwa mkono wake mwenyewe? Mzazi mwenye mtoto shuleni hawezi kulikwepa swali hilo. Basi, msomaji, fuatana nasi tukakitazame chuo hiki, uzuri wake na kasoro zake.

CHUO KILICHOKARIBIA KUFA

Chanzo chake ni shule iliyoanzishwa mwaka 1696, wakati nchi ile ilipokuwa koloni la Kiingereza, na hati ya kukifanya chuo ilitolewa mwaka 1784. Jengo lake kuu, McDowell Hall, lilianzwa mwaka 1742 liwe nyumba ya gavana aitwaye Bladen. Fedha zikaisha kabla halijaezekwa, watu wakalicheka, wakaliita upumbavu wa Bladen. Chuo kilipolipata kililimaliza, na hata lilipoungua mwaka 1909 kililijenga upya. Penye nyasi za mbele palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Mti wa Uhuru, ambao yasemekana wenyeji walikutana chini yake siku za kudai uhuru. Kimbunga kiitwacho Floyd kiliuharibu mwaka 1999, na mwaka uleule ukakatwa.

Kama mti ule, chuo nacho kilikaribia kuanguka. Katika miaka ya 1930 Marekani ilipatwa na msiba mkubwa wa biashara. Madeni yalikilemea chuo, na mwaka 1936 kikanyang'anywa kibali cha kutambuliwa miongoni mwa vyuo. Wakuu wake wangeweza kufunga milango. Badala yake, mwaka 1937 waliwaita mabwana wawili, Stringfellow Barr awe mkuu wa chuo, na Scott Buchanan awe mkuu wa masomo. Hao walifuta masomo ya kuchagua, wakafuta idara zote, wakaandika orodha moja ya vitabu na majaribio kwa wanafunzi wote. Watu wengi walifikiri ni wazimu wa watu waliokata tamaa.

Haukupita muda, Chuo cha Wanamaji kikatamani kiwanja cha jirani yake kwa ajili ya kujipanua. Jambo hilo lilisumbua vichwa hadi mwaka 1946, ndipo Waziri wa Wanamaji, James Forrestal, alipotangaza kwamba mpango umeachwa, kwa kuwa watu wengi waliupinga na kamati ya bunge haikuukubali. Barr na Buchanan walikuwa wamekwisha azimia kuondoka, lakini kazi yao ilibaki. Mwaka 1948 chuo kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi, Martin Dyer, akamaliza mwaka 1952. Wakati huo vyuo vingi vya kusini mwa Marekani vilikuwa bado vimefunga milango kwa watu weusi. Mwaka 1951 wanawake nao walipokewa, na mwaka 1964 chuo kilifungua tawi la pili huko Santa Fe, katika jimbo la New Mexico.

MPANGO WA MASOMO

Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza, ingawa si rahisi kuufuata. Jioni mbili za kila juma, Jumatatu na Alhamisi, wanafunzi kama ishirini huzunguka meza pamoja na wakufunzi wawili. Mkufunzi mmoja huuliza swali moja juu ya kitabu kilichosomwa, kisha hunyamaza. Saa mbili zinazofuata ni za mazungumzo. Vitabu vyaanza na Wagiriki wa kale katika mwaka wa kwanza na kuja mpaka karne ya ishirini katika mwaka wa nne. Mchana wanafunzi husoma Kigiriki miaka miwili na Kifaransa miaka miwili, hisabati miaka yote minne, na muziki katika mwaka wa pili. Maabara ni miaka mitatu: wa kwanza, wa tatu na wa nne.

Walimu huko hawaitwi maprofesa, huitwa wakufunzi. Nao wamewekewa sharti ambalo vyuo vingi vingelikataa: kila mkufunzi hutarajiwa kufundisha masomo yote ya mpango. Aliyepata shahada yake katika falsafa atasimamia maabara ya kemia, na bingwa wa fizikia atafundisha Kigiriki. Maana yake ni kwamba mara nyingi mwalimu aliye mbele ya darasa naye yumo safarini, amewatangulia wanafunzi hatua chache tu. Hawezi kusema, "Kubalini kwa kuwa mimi nimesema." Hana budi kusema, "Tutazame pamoja."

Adabu zao zingewapendeza wazee wetu. Darasani hawaitani kwa majina ya kwanza. Mkufunzi humwita mwanafunzi Bwana Fulani au Bibi Fulani, na mwanafunzi humwita mkufunzi vivyo hivyo. Hakuna Daktari wala Profesa. Mitihani ya kuandika ni michache. Badala yake mwanafunzi huitwa mbele ya wakufunzi wake wote, nao huzungumza habari za kazi yake wakimtaja kama mtu asiyekuwapo, huku ameketi anasikia. Kisha hupewa nafasi ya kujibu. Aliyewahi kuketi katika baraza la wazee shauri lake likijadiliwa ataelewa jinsi moyo unavyodunda.

KATIKA MAABARA YA MWAKA WA KWANZA

Sasa tuingie katika maabara, maana hapo ndipo chuo hiki kinapotofautiana zaidi na vingine. Kwa kawaida mtu aanzapo sayansi hupewa kitabu kinene chenye majibu. Siku ya kwanza huambiwa kwamba vitu vyote vimefanywa kwa atomu, siku ya pili huambiwa atomu ina nini ndani, na siku ya mtihani huyarudisha maneno yale kama alivyoyapokea. Annapolis hawaanzi hivyo. Wao huanza na viumbe vinavyoonekana: mmea, jani, ua, mnyama. Mwanafunzi huambiwa atazame na aandike aonacho. Kazi hiyo yaonekana ya kitoto mpaka mtu ajaribu kuifanya. Mkulima aliyekaa na mibuni yake miaka ishirini atajua kwamba kutazama ni kazi, na kwamba jicho lisilofunzwa halioni ugonjwa mpaka majani yameanguka.

Baadaye husoma kitabu cha mganga Mwingereza, William Harvey, kilichotoka mwaka 1628. Kabla yake waganga waliamini kwamba damu hutengenezwa daima kutokana na chakula, nayo huishia mwilini kama maji ya mfereji yaishavyo shambani. Harvey alifanya kazi ya karani: alihesabu. Alikadiria damu inayotoka moyoni kwa kila pigo, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akaona hesabu yake yapita damu yote iliyomo mwilini. Damu hiyo yatoka wapi, nayo yaenda wapi? Lazima yarudi na kuzunguka. Tena alionyesha jambo ambalo msomaji aweza kulijaribu leo bila chombo chochote. Funga mkono kidogo juu ya kiwiko mpaka mishipa itokeze, kisha kwa kidole sukuma damu ya mshipa mmoja. Utaona yakubali kwenda upande wa moyo, na yakataa kurudi upande wa vidole.

Kisha huja mizani. Archimedes, Mgiriki aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba kilo mbili zilizowekwa sentimita kumi kutoka kwenye egemeo zalingana na kilo moja iliyowekwa sentimita ishirini. Wanafunzi husoma hoja zake, kisha huzipima. Kila mtu aliyewahi kupeleka zao lake kwenye kituo cha kununulia aweza kuona faida ya kulijua jambo hili. Mizani haidanganyi, lakini mwenye kuisogeza aweza kudanganya. Na asiyejua kanuni yake hana njia ya kugundua.

Baada ya hapo husoma juu ya uzito wa hewa. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima uitwao Puy de Dôme akiwa na bomba la zebaki. Kileleni zebaki ilishuka kwa zaidi ya inchi tatu, kwa sababu hewa iliyo juu ya mlima ni chache na uzito wake ni mdogo. Sisi wa nyanda za juu twaishi na jambo hilo kila siku. Katika Nairobi maji huchemka kwa digrii 95 hivi, hayafiki 100 kama huko Mombasa, na ndiyo maana maharagwe ya bara hukawia jikoni.

MAJI NI NINI?

Lakini kazi kubwa ya mwaka wa kwanza ni kujibu swali ambalo kila mtoto wa shule hudhani analijua: maji yamefanywa kwa nini? Atakuambia mara moja kwamba ni haidrojeni mbili na oksijeni moja. Mwulize, "Umejuaje?" Atanyamaza, au atasema mwalimu alisema. Hapo ndipo wanafunzi wa Annapolis wanapoanza.

Huanza na Antoine Lavoisier, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1789. Bwana huyu alikuwa na hisa katika kampuni iliyokusanya ushuru wa mfalme wa Ufaransa, kazi iliyomfanya auawe mwaka 1794 wakati wa mapinduzi. Kutoka kwenye hesabu za fedha alileta katika kemia kanuni ambayo kila karani aijua: kilichoingia na kilichotoka sharti vilingane. Alichemsha zebaki siku kumi na mbili katika chombo kilichofungwa. Juu yake kukafanyika magamba mekundu, na hewa ya ndani ikapungua kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa. Kisha akachoma yale magamba mekundu peke yake, akaipata tena hewa iliyopotea, na humo mshumaa uliwaka kwa nguvu. Kwa kupima kila kitu kabla na baada, alithibitisha kwamba hakuna kilichopotea. Kilikuwa kimehama tu.

Baada yake huja John Dalton, mwalimu wa shule wa Uingereza, aliyetoa kitabu chake mwaka 1808. Dalton alisema kila kitu ni atomu, na kila aina ya atomu ina uzito wake. Lakini hakuna awezaye kuweka atomu moja juu ya mizani. Twajua kwa kupima kwamba katika maji, sehemu moja ya haidrojeni kwa uzito huungana na sehemu nane za oksijeni. Ikiwa atomu moja yaungana na atomu moja, basi atomu ya oksijeni ni nzito mara nane. Ikiwa haidrojeni ni mbili, basi ni nzito mara kumi na sita. Ipi ni kweli? Dalton alichagua moja kwa moja, kwa kuwa ndilo lililo rahisi. Alikosea, lakini mizani peke yake haikuweza kumwonyesha kosa.

Mfaransa Gay-Lussac akaja na kipimo kingine. Hakupima uzito, alipima nafasi. Tuseme kwa mfano: madebe mawili ya haidrojeni na debe moja la oksijeni yalifanya madebe mawili kamili ya mvuke. Jambo hili lilileta mgogoro. Kama kila debe la hewa lina idadi sawa ya chembe, debe moja la oksijeni limewezaje kuenea katika madebe mawili ya mvuke, isipokuwa kila chembe ya oksijeni imepasuka katikati? Dalton alikataa katakata, maana atomu haipasuki. Mwaka 1811 Mwitaliano Amedeo Avogadro alitoa jibu: chembe ya oksijeni si atomu moja, ni atomu mbili zilizoshikana, nazo ndizo zinazoachana. Hivyo maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja.

Je, ulimwengu ulimshukuru? Wengi hawakumsikiliza. Avogadro alikufa mwaka 1856 bila kuona jibu lake likikubaliwa. Miaka miwili baadaye mwenzake wa nchi yake, Stanislao Cannizzaro, aliandika kijitabu kulieleza upya, na katika mkutano wa wakemia huko Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860, nakala zake ziligawiwa. Ndipo polepole wengi wakakubali. Jibu ambalo mtoto wetu hulisema kwa pumzi moja liliwachukua watu wenye akili nyingi karibu miaka hamsini ya mabishano.

Wanafunzi wa Annapolis hupitishwa katika mabishano hayo hatua kwa hatua. Huketi mezani, mmoja akimtetea Dalton, mwingine Avogadro, na mkufunzi hawapi jibu upesi. Atokaye humo amejua jinsi ukweli unavyotafutwa, jinsi mtu mwema na mwenye bidii awezavyo kukosea, na ni ushahidi wa namna gani unaoweza kumgeuza.

MIAKA YA BAADAYE

Katika mwaka wa tatu husoma habari za mwendo, sumaku na umeme. Hapo hukutana na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyeanza kazi kama mwanagenzi wa mfunga vitabu huko London. Faraday hakuwa na hisabati kubwa, lakini mwaka 1831, kwa waya na sumaku, alionyesha njia ya kufanya umeme ambayo hata leo mitambo ya mabwawa ya Mto Tana huifuata.

Katika mwaka wa nne husoma habari za atomu na za urithi wa viumbe, na miongoni mwa maandishi yao ni taarifa ya mtawa Gregor Mendel, iliyochapishwa mwaka 1866. Mendel alipanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa. Alichanganya zenye punje za mviringo na zenye punje za kukunjamana. Watoto wa kwanza wote walikuwa mviringo. Lakini hao walipozaa wenyewe kwa wenyewe, alihesabu punje 5,474 za mviringo na 1,850 za kukunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Ile sura ya kukunjamana haikuwa imekufa, ilikuwa imejificha. Hadi Mendel alipokufa mwaka 1884 wachache mno walikuwa wameielewa kazi yake, na ni mwaka 1900 tu ilipofufuliwa.

Mkulima wa Trans Nzoia hana haja ya kwenda Annapolis ili aone maana yake. Tangu mbegu chotara ya mahindi H611 ilipotoka Kitale mwaka 1964, wakulima wameambiwa wasipande tena punje za mavuno yake. Asiyejua sababu hudhani ni hila ya wauza mbegu. Aliyezihesabu njegere za Mendel ajua kwamba tabia zilizounganishwa katika chotara hutawanyika katika kizazi kinachofuata, na shamba lililokuwa sawasawa hutoka na mimea mirefu na mifupi, yenye kuzaa na isiyozaa.

LAWAMA ZAKE

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Kwanza, njia hii ni ya polepole. Mwanafunzi aliyekaa miezi mingi na Lavoisier na Dalton hakujifunza kemia nyingi za leo, na atakaye kuwa daktari, baada ya kumaliza, mara nyingi hulazimika kwenda mahali pengine kusoma masomo ya sayansi yanayotakiwa na shule za udaktari. Nchi yenye upungufu wa wahandisi na wauguzi haiwezi kuendeshwa na vyuo vya namna hii peke yake.

Pili, orodha ya vitabu vyake ni ya Ulaya na Marekani kwa sehemu kubwa. Tawi la Santa Fe lina masomo ya juu ya vitabu vya India, China na Japani, lakini mpango wa miaka minne wabaki ulivyo, na msomaji wa Afrika atatafuta sana kabla hajamwona mtu wa kwao.

Tatu, gharama ni kubwa. Mwaka 2018 chuo kilitangaza kwamba ada ya masomo, iliyokuwa dola 52,000 hivi kwa mwaka, ingeshushwa hadi dola 35,000. Wakuu wake walistahili sifa kwa hatua hiyo, lakini hata baada ya kushushwa ni mzigo usiobebeka kwa familia nyingi bila msaada. Vikundi vidogo vya mazungumzo vyahitaji wakufunzi wengi, na wakufunzi wahitaji mishahara.

YATUHUSUJE SISI?

Tangu Januari 2026 watoto wa Kenya waingiao Gredi ya 10 huchagua njia moja kati ya tatu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ile ya sayansi ya jamii, au ile ya sanaa na michezo. Kugawa njia kuna sababu zake, maana hakuna awezaye kuwa fundi wa kila kazi. Lakini hatari yake ni kwamba mtoto wa miaka kumi na mitano aweza kuichukua njia yake kama ukuta. Aliyechagua sanaa atasema, "Mambo ya mbegu, dawa na umeme si yangu." Aliyechagua sayansi atasema, "Mambo ya sheria, lugha na historia si yangu." Kesho yake wa kwanza atanunua dawa ya mifugo asiyoielewa, na wa pili atatia sahihi mkataba asioufahamu.

Chuo kidogo cha Annapolis chatuonyesha kwamba ukuta huo haukuwekwa na maumbile. Harvey alihesabu kama karani, Lavoisier alipima kama mwenye duka, Faraday alitoka katika karakana, Mendel alikuwa mkulima katika nyumba ya sala. Sayansi ilianzwa na watu wa namna hiyo, na kila mtu mwenye subira aweza kuingia kwa mlango walioingia wao. Vyombo vya kuanzia si vya gharama: mizani, mshumaa, sumaku, chupa, punje za njegere, na daftari.

Mzazi asingoje chuo. Mtoto arudipo jioni na kusema amejifunza kwamba mmea hutafuta mwanga, mpe mkebe wa maharagwe na sanduku lenye tundu moja, mwambie akuonyeshe baada ya juma moja. Asemapo kwamba hewa ina uzito, mwulize amejuaje. Asipojua, asionewe haya. Mkae mtafute pamoja, kama wafanyavyo wakufunzi wale. Na yule aliyechagua njia ya sanaa apewe mizani sawa na ndugu yake aliyechagua sayansi, maana wote wawili watanunua, watauza, wataugua na watapiga kura katika nchi moja.